Jibu la mtaalamu: Tunataka kupiga kambi ufukweni Kigoma na watoto watatu. Hema tulipige wapi?

*"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Tabora mjini. Watoto wetu wana miaka 16, 9 na 4. Likizo ya Juni tunataka kwenda Kigoma tukapige kambi ufukweni siku tatu au nne, watoto waogelee na tuwaone sokwe wa Gombe. Hema tumeshaazima. Tatizo ni maneno ya watu. Mama mkwe wangu, aliyekulia Ujiji, anasema ziwa lina mamba na nyoka wa majini, na mjukuu wake hakanyagi maji. Rafiki yangu anasema huo ni uzushi, Tanganyika ni ziwa safi kuliko yote, halina kichocho wala mamba, na Gombe unaweka hema popote mchangani. Kati yetu anayejua kuogelea ni mimi peke yangu, na nilijifunzia bwawani. Je, twende au tuahirishe? Na tukienda, hema tulipige wapi?"*

Marahaba, na ahsante kwa swali lililonyooka. Nendeni. Ila wadogo wawili msiwapeleke Gombe, hema mlipige karibu na mji wa Kigoma, na kabla hamjatafuta godoro la upepo au jiko la kambini, tafuteni majaketi okozi matano.

Mama mkwe wako na rafiki yako wanabishana juu ya mamba, na kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Sentensi iliyonishtua mimi ni ile uliyoiweka karibu na mwisho kama jambo la pembeni: kati ya watu watano, anayejua kuogelea ni mmoja. Hapo ndipo nitakapokaa sana. Wanyama nitawamaliza upesi.

Mamba wapo Ziwa Tanganyika, rafiki yako asikudanganye. Wanapenda midomo ya mito na sehemu zenye matete, kama vile Malagarasi unapoingia ziwani kusini mwa Ujiji, na wapo pia pwani ya Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe huko kusini, ambako wageni hushauriwa wasiogelee. Kwenye fukwe za mchanga na mawe zilizo jirani na mji si kawaida kuwaona, lakini mamba hana mpaka aliochorewa. Kwa hiyo msioge karibu na mdomo wa mto, msiingie majini alfajiri wala jioni giza likianza kushika, na kila asubuhi waulizeni wavuvi wa ufukwe huo huo kama kuna walichokiona. Wao hulijua ziwa lao kuliko kibao chochote cha onyo. Kuhusu nyoka, mama mkwe hakutunga. Yupo swila wa majini anayeishi ziwa hili, na ana sumu kweli. Lakini anakula samaki, anashinda kwenye mianya ya miamba, na akimwona mtu hujiondokea. Wafundishe watoto wasiingize mkono kwenye matundu ya mawe yaliyo majini, na wasimfukuze wala kumrushia jiwe nyoka anayeogelea. Hilo linatosha.

Sasa tuzungumzie kinachoua.

Ziwa Tanganyika limo ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na sehemu ya katikati ikadidimia, ndiyo maana ziwa ni refu na jembamba: urefu wake ni kilomita 673 hivi, na upana wa wastani ni kama kilomita 50. Kina chake kikubwa ni karibu mita 1,470, kinachozidiwa duniani na Baikal la Urusi tu. Waongoza watalii hupenda kuwatajia wageni namba hiyo, lakini kwa mzazi haina kazi yoyote, maana mtoto wa miaka minne anazama kwenye maji ya mita moja. Kinachomhusu mzazi ni mteremko. Ile milima unayoiona nyuma ya ufukwe haikomei kwenye mchanga. Inaendelea kushuka chini ya maji kwa ukali ule ule. Wengi wetu ufukwe tulioonyeshwa kwenye picha ni wa bahari, kama ule wa Dar es Salaam, ambako maji yakikupwa unaweza kutembea mbali na bado yako magotini. Sehemu nyingi za Kigoma haziko hivyo. Unapiga hatua nne maji yako mapajani, ya tano hupati ardhi. Zipo ghuba ndogo zenye mchanga unaoshuka taratibu, na ndizo ninazotaka mzitafute, lakini hata huko ukingo wa kina upo, ni suala la uko umbali gani tu.

Halafu kuna jambo la macho. Maji ya Tanganyika ni maangavu kiasi kwamba unaziona kokoto za chini waziwazi, na mtu husema, "Mbona hapa pafupi?" Mwanga unapotoka majini kuingia hewani hupinda, hivyo chini ya ziwa huonekana kumepanda juu kuliko kulivyo. Ukitazama moja kwa moja chini, maji unayoyakadiria kuwa ya mita moja na nusu kwa kweli ni ya mita mbili. Ukitazama kwa upande, kama mtoto anavyotazama akiwa juu ya jiwe anataka kuruka, udanganyifu huwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo kina hakipimwi kwa macho. Siku ya kwanza, kabla mtoto hajaingia, wewe mwenyewe uvae jaketi, ushike fito ndefu, utembee polepole ukipapasa mbele hadi upate ukingo. Rudi nyuma mpaka maji yawe kiunoni pa yule wa miaka tisa, funga kamba yenye chupa tupu za plastiki zinazoelea, na sema: mwisho wa dunia ni hapa. Yule wa miaka minne mwisho wake uko karibu zaidi, kwenye maji ya magotini mwake, na mtu mzima awe karibu naye kiasi cha kumgusa kwa mkono.

Nasema kumgusa kwa sababu kuzama hakuna kelele. Watu hungoja mayowe na mikono inayopunga, kama kwenye sinema. Mtu anayezama kweli kinywa chake kinapanda na kushuka usawa wa maji, hewa anayoipata haimtoshi kupumua, sembuse kupiga kelele, na mikono yake inakandamiza maji kwa pembeni badala ya kupunga. Kwa mtoto mdogo yote huisha ndani ya dakika moja au chini yake, huku wazazi wakiwa mita kumi kutoka hapo wakigeuza migebuka kwenye jiko. Gawaneni zamu ya kulinda: mtu mmoja, muda unaojulikana, bila simu, bila bia, bila kupika. Zamu ikiisha, anayepokea aseme kwa sauti, "Nimepokea." Ufukweni penye wazazi wengi kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia, na hapo ndipo mtoto hupotea.

Na wewe unayejua kuogelea, nikwambie wazi: kuogelea bwawani si kuokoa mtu ziwani. Mtu anayezama hukukumbatia shingo na kukuzamisha, hata akiwa mtoto wako wa miaka tisa. Chukua dumu tupu la lita 20, likaze kifuniko kisipitishe maji, lifunge kamba imara ya mita 15, uliweke mchangani karibu na mlinzi wa zamu, na lisitumiwe kwa kazi nyingine yoyote. Dumu hilo linaweza kumwelesha mtu mzima. Mtu akizidiwa, rusha dumu, kaza kamba, vuta. Kijana wako wa miaka 16 ajifunze kulirusha siku ya kwanza, tena afanye mazoezi mpaka alifikishe anapolenga.

Jaketi okozi lazima lilingane na uzito wa mvaaji. La mtu mzima kwa mtoto wa miaka minne ni hatari, kwani akiingia majini jaketi linapanda juu na mtoto anateleza kutoka chini. La mtoto huyo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Ukishamfunga, mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Kidevu kikizama ndani, halimfai. Kama Tabora hamtapata la kumtosha, basi huyo mdogo acheze mchangani na kuogeshwa kwenye beseni. Hatajali. Watoto wa umri huo hupenda beseni kuliko ziwa.

Kabla sijaacha maji, kuna upepo, na hili hata wenyeji wengine hawalielezi vizuri. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa ya baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka milimani kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto, na upepo hugeuka kutoka ziwani kuja nchi kavu. Ninyi mtakuwa upande wa mashariki wa ziwa. Maana yake, alfajiri na asubuhi upepo wa milimani unasukuma kila kinachoelea kuelekea Kongo. Kibaya zaidi, kando ya ufukwe milima inaukinga upepo huo, kwa hiyo maji ya pale mlipo huwa yamelala kabisa, yanavutia. Mtoto anakalia mpira wa gari au godoro la upepo, anaelea taratibu, anatoka kwenye kivuli cha mlima, na kutoka hapo upepo unamchukua kwa kasi ambayo mwogeleaji wa bwawani haifikii. Ndiyo maana nilitaja godoro la upepo mwanzoni. Liwe la kulalia ndani ya hema tu, lisifike majini.

Tuje kwenye kichocho, ambako rafiki yako amekosea kwa namna ya watu wengi. Ni kweli kwamba konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho hawapendi mawimbi makali na mawe matupu. Lakini katika ghuba zilizotulia, penye majani ya majini na penye watu wengi wanaofua, kuoga na kujisaidia karibu na maji, kichocho kipo. Hata nyani wa Gombe wamewahi kukutwa na minyoo ya kichocho. Na aina inayosumbua huku ni ya tumbo. Watu wa kanda nyingine wamezoea kusikia kichocho ni kukojoa damu, basi wasipoiona wanajiona wazima. Hii ya tumbo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yake huumiza ini, na mtu anaweza kukaa nayo miaka asijue.

Inavyokwenda ni hivi. Mayai hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa na kuingia majini. Yanaanguliwa, kiluwiluwi kinamwingia konokono, kinazaliana humo, kisha vinatoka viluwiluwi vingine vinavyoogelea kutafuta ngozi ya mtu. Hutoka zaidi jua linapokuwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Visipopata mtu hufa kwa siku moja au mbili. Kutokana na hayo unaweza kujitungia kanuni mwenyewe: ogeni ufukwe ulio wazi kwa mawimbi, usio na majani, ulio mbali na mahali pa kufulia. Maji ya kuogea kambini yachoteni na kuyahifadhi kwenye ndoo zenye mfuniko siku mbili nzima kabla ya kuyatumia, au yachemsheni. Kujifuta haraka kwa taulo mkitoka majini kunasaidia kidogo, lakini si kinga ya kutegemea. Nakwambia ukweli kwamba hatari haiondoki yote kwa tahadhari hizi. Inapungua tu. Mkiingia majini, hesabuni kwamba mtapima baadaye.

Usikubali ushauri wa kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, siku mnayorudi nyumbani. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, ile michanga hunusurika. Subirini wiki sita hadi nane tangu siku ya mwisho ya kugusa maji, ndipo mwende kituo cha afya. Dozi hupimwa kwa uzito, na ya mtoto wa miaka minne iamuliwe na daktari.

Maji ya kunywa ni habari nyingine kabisa. Uangavu hauna uhusiano wowote na vijidudu vya kuhara. Mwambao huu umewahi kupata kipindupindu kibaya, kama kile cha Kagunga mwaka 2015, wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipojaa kwenye kijiji kimoja kidogo cha ufukweni. Chemsheni maji mpaka yatokote sawasawa, au wekeni dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Sasa Gombe. Ninaipenda hifadhi hiyo na sitaki uione kama nakukatisha tamaa. Ni ndogo, ukanda mwembamba wa vilima na mabonde kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na hakuna barabara ya kuifikia, ni kwa maji tu. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alitua hapo Julai 1960, na utafiti alioanzisha unaendelea hadi leo, ingawa mwenyewe alifariki Oktoba 2025. Lakini si mahali pa kuweka hema popote mchangani. Ni mali ya hifadhi, unalala kwenye nyumba za wageni au sehemu iliyotengwa, na unatembea msituni ukiwa na mwongozaji. Ufukwe wake una wenyewe, nao ni nyani. Ukila hadharani wanakunyang'anya, na nyani dume aliyezoea watu hamwogopi mtoto. Ndiyo maana wageni hulia chakula ndani ya nyumba au sehemu yenye wavu. Ukitoka nje unaacha ndizi na biskuti zako ndani, na mlango umefungwa.

Watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kufuatilia sokwe huko. Watu hulalamika kwamba sheria hiyo ni ya kuwabana. Mwaka 2002 sokwe dume mmoja wa Gombe alimnyakua mtoto wa miezi 14 wa familia iliyoishi humo hifadhini na kumuua. Sokwe huwinda mbega wekundu kwa kawaida yao, na kiumbe mdogo machoni pao anaweza kuwa windo. Sababu ya pili ni magonjwa, na hii inatuelekea sisi. Mafua yetu huwaua sokwe. Kule Mahale, mwaka 2006, homa ya njia ya hewa iliyotokana na virusi vya binadamu iliwaua kadhaa. Watoto wadogo hawakosi kamasi. Kwa hiyo hata kijana wako wa miaka 16, akiamka na kikohozi siku hiyo, abaki. Mkiwakuta sokwe, kaeni mita 10 au zaidi, na barakoa mtakayopewa ivaliwe, isishushwe kidevuni.

Ningekuwa mimi, ningeigawa familia siku mbili. Wewe na huyo mkubwa mwende Gombe, mama abaki mjini na wadogo. Boti za abiria huondoka Kibirizi, kituo cha boti kaskazini kidogo mwa mji, wakati wa mchana, zikirudisha watu vijijini, na hazirudi siku ile ile, kwa hiyo mkipanda hizo mtalazimika kulala Gombe usiku mmoja na kurudi na zile zinazokuja mjini alfajiri. Boti ya kukodi inawapeleka na kuwarudisha siku moja lakini bei yake ni nyingine kabisa, labda mpate wenzenu wa kuchangia. Malipo ya hifadhi ni kwa kontroli namba, si fedha mkononi, na bebeni vitambulisho vya taifa, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni havikaribiani. Kumbuka kwamba mwogeleaji akiondoka, wadogo hawaingii majini. Mama awapeleke Ujiji wakaone mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na bibi yao akiwepo atakuwa na ya kuwasimulia kuliko mwongozaji yeyote.

Kwenye boti, chochote mtakachopanda, angalieni mambo haya kabla ya kukaa. Je, majaketi yapo na yanavalika, au yamefungwa fundo chini ya magunia ya dagaa? Ukingo wa boti uko juu ya maji kiasi gani baada ya mizigo na watu kupakiwa? Kama ni chini ya urefu wa mkono wako kutoka kiwikoni hadi vidoleni, shukeni. Nahodha akisema ziwa limechafuka leo hatuendi, msimbembeleze na msimwongezee fedha. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Tanganyika pia, usikilizeni jioni iliyotangulia.

Mahali pa hema, basi. Kusini kidogo mwa mji, upande wa Katonga, kuna ufukwe unaojulikana kwa jina la Jakobsen, wenye sehemu ya kupiga kambi na mchanga mzuri. Unalipia, lakini kuna choo, kuna watu, na hospitali haiko mbali. Kwa familia yenye mtoto wa miaka minne hayo matatu yanazidi mandhari yoyote. Mahale ni pazuri kupita maelezo, lakini ni zaidi ya kilomita 100 kusini, na kwa umri wa watoto wako ningeiacha kwanza. Mkipendelea ufukwe wa kijijini, pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kupiga kigingi, kwa adabu na kwa usalama wenu pia. Akijua mpo, kijiji kizima kinajua mpo.

Juni ni chaguo sahihi. Desemba kuna radi na dhoruba zinazoshuka ghafla, na hema si kinga ya radi. Ila Juni ina mambo yake. Ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari, lakini maji hupanda na mvua za masika na kufikia juu kabisa kuelekea Mei, kwa hiyo mtakuta mchanga ni mwembamba. Zaidi ya hapo, ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, likameza fukwe na hata sehemu za bandari. Picha za zamani mtandaoni zisiwe mwongozo wenu. Tafuteni ule mstari wa takataka na vijiti vilivyoachwa na mawimbi, hema liwe juu yake kwa hatua nyingi. Msilale kwenye korongo kavu hata kama ni tambarare nzuri, kwani mvua ikinyesha kule juu mlimani maji hushuka humo bila kuwauliza. Mlango wa hema usielekee milimani, ule upepo wa usiku utawajaza mchanga. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Jazeni mifuko ya salfeti mchanga, funga kamba ya hema katikati ya mfuko, ufukie. Mifuko ya plastiki ya kubebea msije nayo, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Usiku kutakuwa na baridi kidogo, na hapa ndipo watu hufanya kosa baya: wanaingiza jiko la mkaa ndani ya hema. Mkaa ulioiva hauna moshi, lakini unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Mtu anasikia usingizi mzito, anajua ni uchovu wa safari, haamki. Jiko likae nje mpaka asubuhi, hata likiwa na majivu tu. Bebeni mablanketi. Na chandarua kiwe ndani ya hema hata kama hema lina wavu, kwani Kigoma na Tabora yenu ni mikoa yenye malaria nyingi na zipu ya hema la kuazima huwa na tundu.

Samaki msiwahesabie sana. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Ulizeni kabla kama mwaka wenu ni hivyo hivyo. Dagaa wakavu hawakosekani sokoni, na kwa mawese na ugali wa muhogo hamtalala njaa.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi na mtahitaji mtu wa kuwatazama kwa macho. Mtoto yeyote aliyezama hata kidogo, akatolewa akalia na kuonekana mzima, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hasa akikohoa, akihema haraka au akisinzia ovyo. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iko pale Kigoma mjini. Akiumwa au kukwaruzwa na nyani, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha mwende mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa bila kungoja dalili. Akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Kiungo kitulizwe kisitikisike, abebwe asitembee. Na mkisharudi Tabora, homa yoyote ndani ya mwezi mmoja ipimwe malaria siku ile ile. Kama kipimo hakionyeshi malaria na mtoto ana homa, kikohozi, vipele vinavyowasha au tumbo linalouma wiki tatu au nne baada ya safari, mwambie daktari neno ambalo wengi husahau kulisema: "Aliogelea Ziwa Tanganyika mwezi Juni." Bila hilo, atatafuta mafua.